Swichibodi ya Panasonic na simu za intaneti: FXO au FXS?

Karani_IndustrialArea
Wakuu, salaam. Ofisi iko Industrial Area, Kampala. Swichibodi ni Panasonic KX-TES824, laini 3 za nje na ekstensheni 8, haijaongezwa kadi. Matundu ya laini za nje, CO 1 na CO 2, yana laini za kawaida, CO 3 haina kitu. Tawi letu liko Mbarara na simu za huko zinakula pesa. Tunataka kuongeza simu za intaneti bila kutupa simu za mezani. Muuzaji anasema nichukue kisanduku cha FXO. Nichukue?

FundiWaya
Usilipe. Tundu la CO kwenye swichibodi ni FXO tayari, kazi yake ni kungoja umeme na mlio kutoka nje. Ukilichomekea FXO nyingine, zote mbili zinangoja na utasikia kimya tu. Wewe unahitaji FXS, inayotoa mlio kama kampuni ya simu. Kwa tundu moja lililobaki, adapta ya Grandstream HT802 inatosha, ina FXS 2.

Swichibodi usiiguse kwanza. Chomeka simu ya kawaida kwenye adapta, bonyeza *** halafu 02, itakusomea anwani ya IP. Ifungue kwenye kompyuta, weka seva ya SIP (lugha ya kupigia simu kwa intaneti), akaunti na paswedi ulizopewa na mtoa huduma. Piga nje, kisha upigiwe. Zote mbili zikikubali ndipo uhamishie waya ule kwenye CO 3. Ukiruka hatua hii, tatizo likitokea hutajua liko upande gani.

CO 3 ipe kundi lake peke yake, tuseme kundi la 3, ili anayepiga Mbarara abonyeze 83 kwanza (8 na nambari ya kundi). Wakizoea 9, swichibodi itawapa laini yoyote iliyo wazi. Nambari ikishaandikwa adapta husubiri sekunde kama 4 kabla ya kupiga. Wamalizie na # isisubiri.

Mtandao256
FundiWaya yuko sawa, ila FXO msiitukane. Ina kazi yake kwenye tundu la ekstensheni. Adapta ya HT813 ina FXO 1: ichomeke kwenye tundu la ekstensheni 108, na mtu wa Mbarara akiipigia kwa intaneti anapata mlio wa swichibodi ya Kampala, anabonyeza 101 kama aliyekaa humo ofisini. Weka PIN, la sivyo atakayeipata nambari hiyo atapiga kwa laini zenu. Kwa mwanzo mimi ningeiacha: mpe wa Mbarara simu ya IP au programu kwenye simu yake, kwa mtoa huduma yule yule. Uliza kwanza kama akaunti kwa akaunti ni bure.

Karani_IndustrialArea
Asanteni. HT802 imefungwa, kupiga kunakubali. Shida mbili: mtu wa nje akikata, taa ya CO 3 inabaki imewaka. Na simu nyingine wao wanatusikia, sisi hatuwasikii.

FundiWaya
La taa: swichibodi haijaambiwa kwamba mwenzako ameondoka. Kwenye adapta, ukurasa wa FXS, washa Current Disconnect, yaani kukata umeme wa laini kidogo mtu wa nje akikata. Huanzia milisekunde 200. Ipandishe hadi 500. Kisha kwenye swichibodi washa utambuzi wa CPC (ishara hiyo ya umeme kukatwa) kwa CO 3, muda wake uwe mfupi kuliko ule wa adapta. Ukiwa mrefu zaidi, umeme unakatwa na kurudi kabla swichibodi haijashtuka.

Mtandao256
La sauti: ingia kwenye raota, zima SIP ALG, kipengele cha raota kinachojifanya kusaidia simu za SIP. Huchezea anwani zilizo ndani ya ujumbe wa SIP, sauti ikatumwa kusikofika. Ikibaki, weka STUN kwenye adapta (huisaidia kujua anwani yake ya nje), na keep-alive, ujumbe mdogo wa kuweka njia wazi, iwe kila sekunde 20 au 30. Msifungue poti 5060, ile ya SIP, kutoka nje hata mkishauriwa. Wezi wa dakika huzunguka usiku kutafuta poti hiyo. Mwambieni mtoa huduma afunge simu za nchi msizopigia.

Karani_IndustrialArea
ALG ilikuwa imewashwa! Sasa tunasikilizana. Faiba yetu ni Mbps 10, watu 12. Itatosha?

Mtandao256
Simu moja ya G.711 (kodeki, njia ya kugeuza sauti kuwa data) hula kama kbps 87 kila upande, ya G.729 inayobana zaidi kama 31. Kasi si tatizo. Tatizo ni mtu akipandisha faili kubwa, sauti ikaanza kukatika katika. Kwenye raota zipe pakiti za sauti kipaumbele, alama yake ni DSCP 46. Faksi mkiwa nayo, iacheni kwenye laini ya zamani.

MzeeWaNyaya
Vijana, umeme mmeusahau. Adapta, raota na kisanduku cha faiba vyote viwe kwenye UPS pamoja na swichibodi. Kimoja kikizima, simu za intaneti zimekufa. Laini ya zamani ibaki CO 1. Umeme ukiisha kabisa, TES824 huiunganisha CO 1 moja kwa moja na tundu la ekstensheni 01, mkapata 999. Lakini hapo pawe na simu ya kawaida, ile ya Panasonic yenye skrini haifanyi kazi bila umeme. Na radi za huku ziwa karibu mnazijua: kila waya wa simu unaoingia kutoka nje upite kwenye kinga ya radi iliyofungwa ardhini vizuri.

Karani_IndustrialArea
Mzee, pale 01 ndipo ilipo hiyo ya skrini, tunaitumia kuprogramu. Naihamishia 02?

MzeeWaNyaya
Usihamishe, setingi hufanyiwa hapo hapo 01. Iache, weka simu ya kawaida kando yake na waya wa RJ11 tayari. Siku ya giza unachomoa moja, unachomeka nyingine. Na paswedi ya setingi kama bado ni 1234, ibadilishe leo.