Shauri yako, au shauri ya Mungu? Mtu anapookoka, nani amekata shauri?

MPIGA KINANDA (mleta mada)

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa. Kuna jambo linanikosesha usingizi tangu mkutano wa injili wa mwezi uliopita, nikaona nilimwage hapa tulijadili. Kwa upendo, tafadhali.

Mimi ni mpiga kinanda. Ni Mlutheri wa kuzaliwa, lakini kinanda hakina dhehebu. Nikiitwa uwanjani naenda, awe ameniita Mmoravian au Mpentekoste. Kazi yangu ngumu si mapambio ya mwanzo, ni zile dakika kumi na tano za mwisho. Mhubiri anashusha sauti, ananichezeshea vidole nyuma ya mgongo, nami naachana na ngoma, nabaki na sauti laini inayozunguka palepale. Anasema, "Kuna mtu mmoja bado, yuko kule nyuma, moyo unamwenda mbio." Watu wanaanza kutoka. Wakipungua, napandisha sauti ya kinanda ngazi moja, na wengine wanatoka. Nimeifanya kazi hii miaka mingi hadi naweza kukisia watatoka wangapi. Mwisho inatangazwa, "Leo wamekata shauri watu 42!" na vigelegele juu.

Shauri lile nani alilikata? Wale 42? Roho Mtakatifu? Au ni mimi na ile ngazi moja?

Halafu inakuja sala ya toba. Wengi wenu mnaijua kwa kichwa: "Futa jina langu katika kitabu cha hukumu, liandike katika kitabu cha uzima." Nimeisikia mamia ya mara nikiwa nabonyeza vidude vyangu. Mwezi uliopita ndipo iliponigonga. Ufunuo 17:8 unasema juu ya watu ambao majina yao hayakuandikwa katika kitabu cha uzima tangu kuwekwa misingi ya ulimwengu. Tangu misingi! Kama kitabu kilishaandikwa kabla jua halijawaka, hii kalamu tunayoiomba saa kumi na mbili jioni uwanjani ni ya kazi gani? Na hicho kitabu cha hukumu chenye jina langu mimi sijakiona. Ufunuo 20:12 unataja vitabu vya matendo, na kingine ambacho ni cha uzima. Sala yenyewe tumeitoa wapi?

Waliopita kipaimara wanakumbuka maelezo ya Luther juu ya sehemu ya tatu ya Imani. Tuliyakariri hadi usingizini: kwamba siwezi kwa akili yangu wala nguvu zangu kumwamini Yesu Kristo wala kuja kwake, bali Roho Mtakatifu ndiye aliyeniita kwa Injili. Basi asubuhi kanisani nakiri "siwezi", jioni uwanjani nasindikiza kwa kinanda "kata shauri sasa hivi". Mtu mmoja, siku moja, suti ileile.

Msimamo wangu nisiufiche. Naegemea kwamba Mungu ndiye aanzaye, na hata mkono ulioinuliwa, ni Yeye aliyeuinua. Lakini nina mjomba aliyefariki bila kukata shauri lolote, na sitaki mtu aje kuniambia kwamba Mungu alimruka kwa makusudi. Walutheri wenzangu mwaka 1577 waliandika katika Kanuni ya Makubaliano kwamba uteule wa Mungu ni wa kuokoa tu, hakuna aliyeteuliwa apotee. Mantiki inalalamika, najua. Mnasemaje?

MAMA KWAYA

Mtumishi, hicho kinanda kinakupeleka kubaya. Mungu "hutaka watu wote waokolewe", 1 Timotheo 2:4. Wote maana yake wote. Yoshua aliwaambia wana wa Israeli chagueni hivi leo mtakayemtumikia. Hakuwaambia kaeni mngoje kuchaguliwa. Yesu anasimama mlangoni anabisha, Ufunuo 3:20, kitasa kiko ndani. Mimi nilikata shauri mwenyewe, siku ya Alhamisi, mvua inanyesha, hakuna aliyenisukuma. Usininyang'anye Alhamisi yangu.

MZEE WA KANISA

Dada, Alhamisi yako ibaki nayo. Swali ni nani aliyekuamsha Alhamisi hiyo.

Mimi ni Mpresbiteri, na kwetu jambo hili halisemwi kwa kunong'ona. Waefeso 2 inasema tulikuwa wafu. Maiti hakati shauri. Lazaro hakuulizwa kama yuko tayari kufufuka, aliitwa, akatoka. Lakini angalia: alitoka kwa miguu yake mwenyewe. Ndiyo maana hukasirika nikisikia kwamba sisi tunafundisha watu ni vikaragosi. Sinodi ya Dordrecht, mkutano mkuu wa kanisa kule Uholanzi, iliyokaa kuanzia Novemba 1618 hadi Mei 1619, ilijibu hoja tano zilizoletwa na wafuasi wa Arminius, mwanatheolojia wa hukohuko, mwaka 1610. Kanuni zake zinasema waziwazi kwamba neema haiwatendei watu kama magogo na mawe, wala haiyafuti mapenzi ya mtu, inayahuisha. Mtu anataka kweli. Ila anataka kwa sababu amehuishwa.

Kuhusu kinanda, kijana wangu, umegusa penyewe. Huo wito wa kutoka mbele hukuupata kwa mitume. Uliuzwa sana Marekani miaka ya 1830 na Charles Finney, mwanasheria aliyegeuka mhubiri, na ambaye kwa kweli alikuwa Mpresbiteri aliyetushinda. Alikuwa na benchi la mbele la kukalia wenye kuhangaika rohoni. Mihadhara yake iliyochapwa 1835 ilidai kwamba uamsho si muujiza, ni matokeo ya kutumia njia sahihi. Ukiamini hivyo, bila shaka utamtafuta mpiga kinanda mzuri. George Whitefield, mhubiri Mwingereza wa karne ya 18, aliamini uteule kuliko mimi, akahubiri viwanjani kwa maelfu, na hakuwa na spika hata moja.

KIJANA WA CHUO

Shikamoo Mzee. Nasoma theolojia, nipo upande wa John Wesley, baba wa Wamethodisti, na naomba nisahihishe mambo mawili.

La kwanza, Arminius anasingiziwa. Ile hati ya 1610, mwaka mmoja baada ya kifo chake, inasema katika hoja ya tatu kwamba mtu hana imani iokoayo kutoka kwake mwenyewe wala kwa nguvu ya hiari yake; lazima azaliwe upya na Mungu. Hoja ya nne inasema neema ndiyo mwanzo na mwendelezo na utimilifu wa kila jema. Tofauti yao na Mzee ni moja tu hapo: neema inaweza kukataliwa. Stefano aliwaambia wale wazee, siku zote mnampinga Roho Mtakatifu, Matendo 7:51. Kwa hiyo injili ya uwanjani ya "Mungu amemaliza sehemu yake, sasa imebaki yako" Arminius angeishikia kichwa. Ile ni karibu zaidi na Pelagio, aliyefundisha kwamba mtu anaweza kutenda mema kwa nguvu zake mwenyewe, na ambaye Waafrika wa Karthago walimkana mwaka 418.

La pili, Mzee ameisimulia Dordrecht kama semina. Wafuasi wa Arminius waliitwa pale kama washtakiwa, wakafukuzwa ukumbini Januari 1619. Mei mwaka huohuo Johan van Oldenbarnevelt, mwanasiasa mkubwa aliyewalinda, alikatwa kichwa The Hague akiwa mzee wa miaka zaidi ya 70. Kesi iliitwa ya uhaini, na siasa zilikuwemo tele, lakini tusijifanye hoja ile ilishinda kwa Maandiko matupu.

Mama Kwaya, samahani na wewe: mlango wa Ufunuo 3:20 ni wa kanisa la Laodikia. Yesu anawabishia hodi waliookoka. Hilo linanitisha mimi zaidi kuliko ungekuwa wa wapagani.

KATEKISTA

Tumsifu Yesu Kristo. Yangu machache. Msidhani ugomvi huu ni wa Waprotestanti peke yenu. Kwetu Wakatoliki, Wadominikani na Wajesuiti, mashirika mawili ya watawa, walishikana mashati juu ya neema na hiari hadi kesi ikapelekwa Roma, ikasikilizwa chini ya Papa Klementi VIII, na mwaka 1607 Papa Paulo V akaifunga bila kumtangaza mshindi. Aliwakataza tu kuitana wazushi. Mpaka leo kila upande uko huru na mawazo yake, na Misa inaendelea.

JIRANI WA MSIKITINI

Mimi nachungulia tu. Kumbe na nyie mnayo! Miaka yote naambiwa sisi ndio watu wa "imeandikwa". Kwetu Maashari, wanatheolojia wa Kiislamu, walisema Mungu huumba tendo na mja hulichuma, likawa lake na hesabu yake. Wengine wakasema hiyo ni kukwepa swali kwa neno zuri. Nawaachia uwanja.

MAMA KWAYA

Kijana, nimekusamehe ya Laodikia. Lakini nimelala na maneno ya Mzee, nimeamka na kitu kinanisumbua, na nitakisema japo hakinisaidii. Mume wangu alikuwa mlevi. Nilifunga na kuomba miaka kumi na mmoja: "Bwana, mbadilishe moyo." Sikuwahi kuomba, "Bwana, msimamie pembeni, umwache aamue mwenyewe." Kila usiku nilikuwa naomba Mungu aingie mle ndani bila hodi. Alipookoka nilisema Mungu ametenda. Sikumpongeza mume wangu kwa uamuzi wa busara.

Ila Mzee na wewe usishangilie mapema. Dada yangu anaomba vilevile kwa ajili ya mtoto wake, mwaka wa ishirini sasa. Nenda kamwambie labda hakuteuliwa. Kamwambie wewe, mimi siwezi.

MZEE WA KANISA

Siendi, mama. Hata Calvin, baba wa mafundisho yetu, aliiita amri hiyo ya Mungu ya kuchagua na kuacha kuwa ni ya kutisha. Ningeenda kuomba naye.

MWALIMU WA KISWAHILI

Nimewasoma wote, na ninaona mnapigana huku lugha yenu imewafichia silaha mezani.

Angalieni kitenzi. Tunasema "nimeokoka", hatusemi sana "nimeokolewa". Kuokolewa kunamdai mtendaji: umeokolewa na nani? Kuokoka hakumdai mtu. Ni kama kikombe kimevunjika: yupo aliyekivunja, au kimejivunjikia, sentensi haina habari. Mlinzi wa gereza kule Filipi, katika Biblia yetu ya Union, anauliza, "yanipasa nifanye nini nipate kuokoka?" Anajibiwa, "utaokoka". Waefeso 2:8 inasema "mmeokolewa kwa neema". Kwa Kigiriki ni kitenzi kilekile, na pande zote mbili kiko katika hali ya kutendwa. Watafsiri wetu ndio waliogawa njia. Uamsho wa kutoka Rwanda na Uganda miaka ya 1930 ulipoenea ukanda huu, ushuhuda ukajengwa juu ya "nimeokoka tarehe fulani", na walokole wakaifanya kauli hiyo kuwa kitambulisho. Kauli isiyomtaja mtendaji imetulea kizazi hadi kizazi, ndipo sasa mnaulizana mtendaji ni nani.

Na katika sura hiyohiyo ya Matendo 16, kabla ya mlinzi wa gereza, yuko Lidia, muuza rangi ya zambarau. Yeye hakuuliza afanye nini. Imeandikwa kwamba Bwana ndiye aliyeufungua moyo wake. Luka kawaweka wote wawili mji mmoja na hakuona haja ya kutueleza.

Sasa lipo hili "shauri". Kijijini shauri halikatwi na mtu mmoja. Linaketiwa, linasemwa, kisha linakatwa. Waefeso 1:11 inamtaja Mungu afanyaye yote "kwa shauri la mapenzi yake". Mtu akikaidi onyo tunamwambia "shauri yako". Msibani tunasema "shauri ya Mungu". Neno moja, na wala hatujikwai. Mpiga Kinanda, kwa mjomba wako mlisema lipi?

MPIGA KINANDA (mleta mada)

Mwalimu, tulisema yote mawili. Alipokuwa anakunywa tulimwambia la kwanza, tulipokuwa tunamzika tukasema la pili.

Asanteni wote. Sikuwaambia kilichotokea kwenye mkutano wenyewe, kwa sababu niliogopa mngekifanya ushuhuda. Siku ya nne, katikati ya wito, jenereta lilizima. Giza, kinanda kimya, kipaza sauti kimekufa, mhubiri anaita kwa koo tupu na hasikiki hata safu ya tatu. Wale waliokuwa wanakuja wakasimama. Wengine wakarudi. Akatoka mtu mmoja tu, mlinzi tuliyemkodi alinde maspika, ambaye siku zote nne alikuwa ameligeuzia jukwaa mgongo, anaangalia nje. Aliweka rungu chini, akasogea mbele, akapiga magoti kwenye vumbi.

Kesho yake tukiwa tunakunja nyaya nikamuuliza, mzee, nani alikuita jana, maana hata mimi sikumsikia mhubiri. Akasema, "Mimi nilikuwa nimeshakuja tangu Jumatatu. Ilikuwa bado miguu tu."

Mzee wa Kanisa atasema, umeona, alihuishwa kwanza. Kijana wa Chuo atasema, umeona, siku tatu alikuwa anapinga. Mimi sijui nimpe nani. Ninachojua ni kwamba Jumamosi nina mkutano mwingine, na nimemwambia mhubiri kwamba wakati wa wito nitaomba nisipige. Amesema atanijibu Ijumaa.