Nani alianza vita ya Korea: aliyevuka mstari au aliyeuchora?

Nahodha Mstaafu:
Wakuu, kila ikifika Juni 25 tunasomewa yaleyale: Kim Il-sung, kiongozi wa Korea Kaskazini, alivamia Kusini alfajiri mwaka 1950, hadithi imeisha. Sikatai, vifaru vilikuwa vyake. Lakini ule mpaka aliuweka nani? Agosti 1945 maofisa wawili wa Kimarekani, Dean Rusk na Charles Bonesteel, waliagizwa usiku kutafuta pa kuigawa Korea. Wakachukua ramani ya National Geographic, wakapitisha mstari wa latitudo ya nyuzi 38 ili mji mkuu Seoul ubaki kwao. Hakuna Mkorea aliyeulizwa. Watu wametoka kutawaliwa na Japani miaka 35, wanaamka wamegawanywa kama nyama ya matanga. Sasa vita ilianza 1950 au 1945? Na wageni walikwenda kuzima moto au kulinda mchoro wao?

Kibiriti Ngoma:
Mkuu, ulianza vizuri ukaishia kumwogesha Kim. Aprili 1950 alikuwa Moscow kwa Stalin, akaambiwa akapate na baraka za Mao. Huyo ndiye mkombozi, anayeomba kibali cha kuingia kwao? Halafu majeshi ya Marekani yalishaondoka Kusini Juni 1949, wakabaki washauri tu. Januari 1950 Acheson, waziri wa mambo ya nje wa Marekani, akahutubia, akataja mstari wa ulinzi wao huko Asia, Korea haimo. Mwenye kulinda mchoro hufunga virago?

Dogo wa Makorora:
"Kumwogesha Kim" 😂😂 Ila nisaidieni. Baraza la Usalama lilipitishaje kupeleka jeshi na Mrusi ana kura ya turufu? Ticha wetu alisema alihongwa.

Kibiriti Ngoma:
Ticha wako arudi chuo. Mrusi alikuwa amesusa vikao tangu Januari kwa sababu kiti cha China walikikalia watu wa Chiang Kai-shek, aliyeshindwa vita na Mao, badala ya watu wa Mao. Ukisusa, wenzio twala. Nchi 16 zikapeleka wapiganaji, mpaka Ethiopia ikatoa mamluki wake.

Mama Shuku:
Nilikuwa napita tu, lakini hapo kwenye mamluki nimesimama. Rudia, kaka. Haile Selassie alisimama Geneva, kwenye Shirikisho la Mataifa, mwaka 1936, nchi yake imemwagiwa gesi na Mussolini, akawaomba wakubwa wamsaidie. Wakamtazama tu. Miaka 15 baadaye taifa jingine linavamiwa, anatoa walinzi wake mwenyewe, kikosi cha Kagnew, wanashuka bandari ya Busan, Korea Kusini, Mei 1951. Zaidi ya 100 walikufa kule na hakuna hata mmoja aliyeachwa mikononi mwa adui. Wewe kwenu mlituma nini?

Kibiriti Ngoma:
Sisi 1951 tulikuwa chini ya Mwingereza dada, tungetuma nini, korosho? Usinililie Geneva. Desemba 1950 Umoja wa Mataifa uliamua Eritrea iungwe na Ethiopia, Marekani akiwa mbele kuunga mkono. 1953 Marekani anapewa kituo cha kijeshi Asmara, na jina lake baadaye likawa hilohilo, Kagnew. Mfalme alijua anachonunua.

Dogo wa Makorora:
Na hao walinzi ndio waliojaribu kumpindua Desemba 1960 akiwa Brazil. Labda walichoka kutumwa 😅

Mama Shuku:
Dogo, watu wazima wanaongea. Eritrea ni mada nyingine, ifungulie uzi wako. Na kama kutuma jeshi kwa faida ni umamluki, basi Marekani waliopoteza vijana 54,000 Korea waiteni hivyohivyo.

Kibiriti Ngoma:
Ni kama 36,000. Hiyo 54,000 iliwajumlisha wanajeshi wao waliokufa popote duniani miaka ile.

Mama Shuku:
Kumbe wewe ni karani wa maiti. Elfu 36 ndiyo kidogo?

Nahodha Mstaafu:
Jamani, mada. Mei 1948 uchaguzi ulifanyika Kusini peke yake, Rhee akawa rais, na kabla yake kisiwa cha Jeju, hukohuko Kusini, kilishawaka uasi. Raia waliuawa kwa maelfu na askari wa serikali, miaka miwili kabla Kim hajavuka kitu. 1949 pande zote mbili zilikuwa zikipigana mpakani. Kibiriti, hili hujaligusa.

Kibiriti Ngoma:
Nitaligusa ukiniambia kwa nini China ilivuka mto Yalu Oktoba 1950. Nao walikwenda kuzima moto?

Nahodha Mstaafu:
Walivuka kwa sababu MacArthur, jenerali wa Marekani aliyeongoza majeshi ya Umoja wa Mataifa, hakutosheka kuwarudisha Wakaskazini kwao. Baada ya kushusha askari pwani ya Incheon alipita nyuzi 38 akapanda hadi karibu na mpaka wa China. Mstari ulikuwa mtakatifu Kim alipouvuka, kwa MacArthur ukawa chaki.

Kibiriti Ngoma:
Na Umoja wa Mataifa ulimruhusu. Soma azimio la Oktoba 7.

Dogo wa Makorora:
Hapo Nahodha amefunga goli. Lakini Rhee naye 1953 si alikataa kusaini kusitisha mapigano? Alitaka waendelee hadi lini?

Kibiriti Ngoma:
Hadi Kaskazini yote iwe yake. Nahodha, ndiyo maana nasema Wakorea wenyewe waliitaka hii vita, wageni walileta risasi tu.

Mama Shuku:
Nyie endeleeni na Rhee wenu. Kibiriti, mimi bado nipo hapa. Futa kwanza ile "mamluki".

Kibiriti Ngoma:
Sifuti.