Jenereta ndogo, nyutro na erthi: je, niziunganishe?

Swali
Habari za kazi, mafundi. Nina duka la stationari Morogoro, na umeme ukikatika huwasha jenereta ndogo ya inverta inayobeba kompyuta mbili, printa na UPS (betri ya akiba ya kompyuta) kupitia ekstensheni. Kila ninapotumia jenereta, taa ya UPS inayoashiria kasoro ya waya huwaka, na umeme wa gridi ukirudi huzimika. Nimepima kwa multimita: kati ya laini mbili napata volti 230, lakini kati ya kila laini na fremu (kiunzi cha chuma cha jenereta) napata takriban 115. Nimechimbia fimbo ya erthi na kuifunga kwenye fremu, vipimo havikubadilika. Je, niunganishe nyutro (waya wa kurudishia umeme) na erthi (waya wa usalama)?

Jibu la 1
Ndugu, inaelekea nyutro ya jenereta yako inaelea, yaani hakuna laini iliyofungwa kwenye fremu. Jenereta nyingi ndogo hutengenezwa hivyo kwa makusudi. Kompyuta hutumia tofauti ya volti kati ya laini mbili, kwa hiyo haziungui kwa sababu hiyo. UPS inalalamika kwa kuwa hulinganisha nyutro na erthi, ikitarajia karibu sifuri. Kwa kifaa kimoja sioni tatizo. Ninachohofia ni vifaa vingi kwenye ekstensheni isiyo na waya wa erthi: laini moja ikigusa bodi (ganda la chuma) ya printa na ya pili ikagusa bodi ya kifaa kingine, atakayezishika zote mbili atapigwa na volti 230 kamili.

Jibu la 2
Kuhusu fimbo, wengi hukosea hapa. Umeme hautafuti udongo; unatafuta njia ya kurudi kwenye jenereta ulikotoka. Hata ukiunganisha nyutro, fimbo yenye ukinzani wa omu 100 itapitisha ampea 2.3 tu, na breka ya ampea 16 haitashtuka. Kinachoifyatua ni waya wa shaba kutoka bodi ya kifaa hadi kwenye fremu iliyoungwa na nyutro. RCD (swichi inayokata umeme unapovuja) ya miliampea 30 nayo, bila muungano huo, haioni hitilafu ya kwanza. Tena usikitegemee kitufe chake cha majaribio, kwani hupitisha umeme kati ya laivu (waya wenye umeme) na nyutro bila kuhitaji erthi. RCD itakatika vizuri ilhali ulinzi wenyewe haupo.

Mwuliza swali
Nashukuru sana. Ninapanga kufunga chenjiova (swichi ya kuhamisha kati ya gridi na jenereta) ya duka zima, na fundi ameshauri ibadilishe laivu peke yake. Kuna tofauti?

Jibu la 3
Tofauti ni kubwa. Nyutro ya gridi tayari imeungwa na ardhi kwenye transfoma. Ukiiacha imeshikana na ya jenereta, kisha ukaunga tena kwenye fremu, sehemu ya mkondo itarudi kupitia waya wa erthi na RCD itakuwa ikikatika ovyo. Chagua chenjiova inayokata laivu na nyutro pamoja, kisha muungano uwe mmoja tu, kwenye jenereta, kabla ya RCD. Ila fundi asikimbilie kuunga: 115 kwa 115 huonekana pia kwenye jenereta iliyofungwa fremu katikati ya waya zake, na hiyo ukiiunga upande mmoja umepiga shoti. Asome kitabu chake, kisha aweke balbu ya nyuzi kati ya laini moja na fremu. Ikiwaka kwa mwanga hafifu, asiunge, na isipowaka kabisa, nyutro inaelea.