Siamand Rahman alikuwa na nguvu kiasi gani hasa?

Kifua_Chuma: Wadau, nimeona picha za huyu Mwirani akinyanyua vyuma kalala benchini. Wanaomjua, nipeni historia yake.

MzeeWaBenchi: Huyo bwana nampenda mno! Alizaliwa 1988, akachukua dhahabu ya Paralimpiki, ile michezo ya wenye ulemavu, London 2012 kwa kilo 280. Rio 2016 akasukuma 310. Kumbuka, kwenye Paralimpiki miguu inalazwa juu ya benchi na inaweza kufungwa mikanda, kwa hiyo hakuna kukanyaga sakafu kupata msukumo. Mzigo wote ni kifua, mabega na mikono. Tena chuma kikifika kifuani lazima kitulie, ndipo kisukumwe juu, na mikono yote miwili inyooke sawia. Ukiyumba, majaji wanakataa.

Dada_Mazoezi: 310 bila msaada wa miguu? Uzito wake je?

MzeeWaBenchi: Rio alikuwa daraja la zaidi ya kilo 107, jitu kwelikweli.

Kifua_Chuma: Bado anashindana?

MzeeWaBenchi: Hapana ndugu yangu. Alifariki Machi 2020 kwa tatizo la moyo, ana miaka 31 tu. Iliniuma sana, maana nilikuwa nasubiri kumwona Tokyo. Tafuta video ya Rio, uitazame yote.