Kwa nini timu bora za besiboli huondolewa mapema katika mtoano?

Swali: Ndugu wanajukwaa, mwaka 2023 Atlanta Braves walishinda michezo 104 katika msimu wa kawaida, Baltimore Orioles 101 na Los Angeles Dodgers 100, lakini wote watatu waliondolewa katika mfululizo wao wa kwanza wa michezo dhidi ya mpinzani mmoja, huku Arizona Diamondbacks, waliokuwa na ushindi 84 tu, wakifika fainali. Je, mfumo huu unamtuza kweli aliye bora?

Jibu la 1: Tangu mwaka 2022 zinafuzu timu 12, sita kutoka kila moja ya ligi mbili za besiboli ya Marekani, na mabingwa wawili wa divisheni (makundi ya timu ndani ya ligi) wenye rekodi bora katika kila ligi huruka raundi ya kwanza. Raundi inayofuata huamuliwa kwa ushindi wa michezo mitatu kati ya mitano, na katika besiboli, ambako mtupaji mpira mmoja aliye katika ubora wake anaweza kuwanyamazisha wapigaji wote wa upande wa pili, idadi hiyo ni ndogo mno ikilinganishwa na michezo 162 ya msimu.

Jibu la 2: Wapo wanaolaumu mapumziko ya siku kadhaa ya timu zinazoruka raundi ya kwanza kwamba huwapoza wapigaji. Mimi sishawishiki, kwa sababu Dodgers walipumzika vivyo hivyo mwaka 2024, kisha wakawafunga New York Yankees kwa michezo 4-1 katika fainali.

Muuliza swali: Nashukuru. Basi afadhali raundi hiyo ya michezo mitano nayo iwe ya michezo saba, kama fainali.