Kukagua nyumba kabla ya kununua: mhandisi, fundi au ripoti ya mthamini?

Mnunuzi_Njiro: Wadau, nimepata nyumba ya vyumba vitatu Njiro, Arusha, ina hati na kisima. Benki imeshatuma mthamini. Nimlipe mhandisi tena, au fundi mzuri anatosha?

Kenchi: Mkuu, mthamini anatafuta bei. Ripoti yake inaipa benki thamani ya soko na ya kuuza haraka, darini hapandi. Usiihesabu kama ukaguzi.

Lenta: Tazama nyufa kwanza. Za plasta ni nyembamba, zimesambaa kama wavu, na hazitokezi upande wa pili. Hizo fundi anamaliza. Ila ufa unaoanzia kona ya dirisha, ukashuka ngazi kwa ngazi kufuata viungo vya tofali, na nje upo palepale, huo mara nyingi unatoka kwenye msingi. Ukiingiza sarafu ikapita, tafuta mhandisi aliyesajiliwa ERB, bodi ya usajili wa wahandisi. Udongo mweusi wa mbuga huvimba masika na kusinyaa kiangazi, na msingi dhaifu hupanda na kushuka nao. Fundi ataziba kwa simenti, masika ijayo ufa unarudi. Na chumba kimoja kilichopakwa rangi juzi peke yake, kitilie shaka.

Sakiti: Nyufa hizo zisipokuwepo, mafundi wawili wanatosha, wa umeme na wa bomba. Hita ya kuoga iwe na waya wake na breka yake, isidandie waya wa 2.5 mm² wa soketi, maana unapata moto hadi ganda linayeyuka. Ethi, yaani waya wa ardhini, ipimwe kwa mita. Kuiona tu haitoshi. Bomba zote zifunguliwe nusu saa: maji yakirudi chooni, shimo limejaa au udongo haunywi.

Kenchi: Darini fundi achome mbao kwa bisibisi. Ikizama bila nguvu, mchwa wameshakula au imeoza.

Mnunuzi_Njiro: Na kisima?

Maji_Meru: Hapo mhandisi wa majengo hakusaidii. Miamba ya volkano ya Mlima Meru ina floraidi nyingi, madini yanayoharibu meno yakizidi. Maji yanaonekana safi kabisa, na kuchemsha hakuiondoi. Kikomo cha WHO ni miligramu 1.5 kwa lita. Peleka sampuli maabara ya maji, na usitegemee majibu ya jirani. Visima hutofautiana hata mtaa mmoja.

Mnunuzi_Njiro: Asanteni. Ukaguzi uwe kabla au baada ya advansi?

Lenta: Kabla, ndipo ripoti inapopunguza bei. Muuzaji akigoma, mkataba useme advansi inarudi yote msingi ukikutwa na kasoro. Dalali akisema msubiri mvua ikatike, nenda ikinyesha.