Donati za keki zile za zamani zenye nyufa: tupeane uzoefu wa kukaanga nyumbani

Wakuu habari za muda huu. Nazungumzia zile donati zisizo na hamira, zenye ganda nje na zimepasuka juu, ndani laini kama keki. Mi nazikaanga sana na naona watu wanahangaika kubadilisha resipi wakati kazi yote iko kwenye ubaridi wa donge na joto la mafuta. Naweka mtindi mzito, viini vya mayai, sukari, siagi kidogo, beking pauda na kungumanga ya kukwaruza palepale, nachanganya mpaka unga ushikane basi, halafu friji saa moja au zaidi. Mafuta yawe nyuzi 160 hadi 165 hivi, joto likizidi sana ganda linaiva haraka kabla nyufa hazijafunguka. Ukiitumbukiza inazama, inakaa kidogo, inapanda. Ikishaelea naipa sekunde chache nageuza, naiacha huo upande ufunguke vizuri, ikishika rangi nageuza tena natoa. Haya leteni ya kwenu.

karai_jeusi
Mkuu umegusa penyewe. Ngoja niwape ya mama mkwe. Alikuja akanikuta nasukuma donge linanata, akabeba kopo la unga anataka kumwaga, nikamwambia mama naomba tuliache hivyohivyo, weee aliniangalia! Lakini ukiongeza unga pale zinatoka ngumu hata kutafuna shida. Mi nanyunyiza kidogo tu mezani na juu, nasukuma unene wa sentimita moja na kitu, nakata kwa mdomo wa glasi na tundu kwa kifuniko cha chupa. Kabla ya kukaanga nakung'uta ule unga wa juu maana ukidondoka kwenye mafuta unaungua na kila donati inayofuata inatoka na vidoti vyeusi. Mama alikula nne, hakusema kitu hadi leo.

dada_wa_jikoni
Hahaha pole. Mi kipimajoto sina wala sihitaji, natupia kipande cha donge, kikizama kikapanda taratibu na povu dogo dogo mafuta tayari, kikiruka juu hapohapo napunguza moto.

fundi_mafuta
Dada hiyo inafanya kazi kwa karai la kwanza tu. Ukishatumbukiza donge la baridi mafuta yanashuka joto, la pili unakaanga kwa kubahatisha. Kipimajoto nacho ni kifaa cha jikoni kama kisu, sijui kwa nini watu wanakionea aibu. Halafu tatu tatu kwa karai, usijaze.

dada_wa_jikoni
Sawa fundi 😂 ila za kwangu zinaisha.

mgeni_mpya
Samahani wakuu, zangu zinanyonya mafuta hadi karatasi inalowa chepe. Shida nini?

fundi_mafuta
Mara nyingi mafuta yamepoa, donati inakaa humo muda mrefu. Ila angalia na sukari pia, ikizidi nayo inafanya donge linywe mafuta. Na ukizitoa ziweke juu ya wavu, siyo kuzirundika kwenye sahani zikalowana zenyewe kwa zenyewe.

karai_jeusi
Na beking pauda ya kale. Weka kijiko kwenye maji ya moto, isipotoa povu la nguvu tupa.

msoma_vingi
Kwa wanaouliza tundu la nini: katikati huwa ndo panachelewa kuiva, ukitoboa joto linaingia pande zote. Marekani kulikuwa na baharia anaitwa Hanson Gregory, alidai yeye ndo alianzisha mwaka 1847 melini kwa sababu hiyohiyo, alikuwa amechoka kula katikati mbichi. Kama kweli alikuwa wa kwanza, wanabishana mpaka kesho.

mama_wa_wawili
Kwetu vile vipande vya tundu ndo vinagombaniwa, wanangu wanasimama mlangoni wanasubiri. Navikaanga mwisho kwa sababu vinaiva haraka mno. Nyingine nazichovya zikiwa bado za moto kwenye sukari ya unga iliyokorogwa na maziwa, iwe nyepesi ili iingie kwenye nyufa, ikikauka inakuwa kiganda chembamba kinavunjika ukiuma. Zikishapoa kabisa inakaa juujuu tu. Mkuu mleta uzi, we donge unalilaza usiku kucha au saa moja inatosha kweli?

mleta uzi
Saa moja inatosha mama, ila la usiku kucha linakatika vizuri zaidi na halining'ang'anii glasi. Lifunike tu lisikauke juu.